Interest: riba, maslahi, hisa au nia?

Neno la Kiingereza "interest" linatokana na Kilatini, interesse, lenye maana ya kuwa kati au kuhusika. Katika nyaraka za biashara hubeba maana zisizopungua nne, na Kiswahili hakina neno moja linalozijumuisha zote. Kabla ya kuchagua neno, mfasiri hana budi kujiuliza: kinachozungumziwa ni malipo, manufaa, umiliki au matakwa?

1. Riba (nomino, ngeli ya i-/zi-)

Ni malipo ya ziada anayotozwa mkopaji kwa kutumia fedha za mwingine kwa muda fulani. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka huzaa riba ya shilingi 120,000 mwaka unapotimia, ikiwa hakuna kilichorejeshwa kabla. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza, Januari 2024, kuendesha sera ya fedha kwa kutumia kiwango cha riba, kiwango hicho kiliitwa Riba ya Benki Kuu.

Tahadhari: Baadhi ya watu huita riba ya akaunti ya akiba "faida". Katika uhasibu, faida ni kinachobaki baada ya gharama kuondolewa katika mapato. Tofauti hiyo huwa nzito zaidi katika nyaraka za benki zinazofuata sharia, kwa kuwa Uislamu huharamisha riba na kuhalalisha faida ya biashara. Katika mkataba wa murabaha, benki hununua bidhaa, kisha humwuzia mteja kwa bei ya juu zaidi ambayo nyongeza yake imetajwa wazi. Nyongeza hiyo ni faida. Mfasiri akiiandika "riba", ameugeuza mkataba kuwa kile hasa ulichoundwa kukiepuka.

2. Maslahi (nomino, ngeli ya ya-)

Ni manufaa ambayo mtu au kundi linayo katika jambo fulani. Neno hili halina umoja. "Conflict of interest" ni mgongano wa maslahi.

Mfano: Mjumbe wa bodi alitangaza maslahi yake, akatoka nje zabuni ya kampuni ya mkewe ilipojadiliwa.

Katika bima pia, anayekata bima sharti awe na maslahi katika kitu kinachokatiwa bima. Yaani, kikiharibika, yeye apate hasara.

Tahadhari: Nchini Tanzania, "maslahi ya wafanyakazi" aghalabu hueleweka kuwa mishahara, posho na stahiki nyingine. Ikiwa matini ya asili inakusudia hali njema ya wafanyakazi kwa jumla, "ustawi" hufaa zaidi.

3. Hisa, umiliki, haki

Hapa "interest" ni sehemu ya mali anayoimiliki mtu. "Controlling interest" ni hisa zinazompa mmiliki uwezo wa kuidhibiti kampuni. Kwa ardhi, tumia "haki": mwenye haki katika kiwanja hicho.

Linganisha:
Ana maslahi katika kampuni hiyo. (Huenda ni mgavi wake tu, au ndugu wa mkurugenzi.)
Ana hisa katika kampuni hiyo. (Ni mmojawapo wa wamiliki.)

Katika mkataba wa mauziano, sentensi ya kwanza haitoshi, kwani haisemi ni nini kinachouzwa.

4. Nia

"Expression of interest" katika ununuzi ni kuonesha nia.

Mfano: Kampuni zenye sifa zinakaribishwa kuonesha nia ya kutoa huduma za ushauri.

Kuandika "kuonesha maslahi" katika tangazo kama hilo ni kosa, kwani msomaji atadhani kampuni zinatakiwa kutaja manufaa zitakayoyapata.

Zingatia: Wingi, "business interests", mara nyingi hauhitaji lolote kati ya maneno hayo manne. Mtu akisemwa kuwa nayo Mombasa na Dubai, Kiswahili husema tu kwamba ana biashara Mombasa na Dubai.