Majina ya Wabishani Baada ya Kufa kwa Luther

Kiswahili kina maneno mengi ya kuwataja watu walioingia katika mabishano. Tunao wagomvi, washindani, wapinzani na mahasimu; barazani tunao mdai na mdaiwa, mshitaki na mshitakiwa. Yafaa kulitazama umbo la maneno haya. Mshindani na mbishani hubeba alama ya kutendana, nayo yakiri kwamba wa pili yupo, tena anafanya lile lile alifanyalo wa kwanza. Mdai na mdaiwa hawako sawa, lakini kila mmoja ana nafasi yake mbele ya mwamuzi. Neno mzushi ni la namna nyingine kabisa. Mzushi hana mwenzake. Yule amwitaye hivyo amekwisha kujiondoa katika mabishano na kuketi juu ya kiti cha hukumu.

Msomaji wa Matendo ya Mitume ataona jambo hili kwa urahisi. Neno la Kiyunani hairesis, lenye maana ya uchaguzi au kundi la watu wenye shauri moja, latumiwa kwa Masadukayo katika sura ya 5, na hapo Biblia yetu ya Union Version yasema madhehebu. Katika sura ya 24, Paulo anapoeleza jinsi washitaki wake waiitavyo Njia, neno ni lile lile, lakini tafsiri yasema uzushi. Hatuwalaumu watafsiri. Walisikia sauti ya mshitaki, nao wakaiandika kama walivyoisikia.

Sisi wenyewe twaitwa kwa majina tuliyopewa barazani. Neno Walutheri lilienezwa na wapinzani wa Luther, naye mwaka 1522 aliwasihi wafuasi wake wasijiite kwa jina lake. Neno Protestanti latokana na tamko la kisheria lililotolewa na watawala 6 na miji 14 katika mkutano wa Speyer mwezi wa Aprili, 1529. Kwa asili ni neno la mtu atoaye pingamizi lake hadharani na kutaka liandikwe.

Lakini majina yaliyoleta uchungu mwingi zaidi ni yale ambayo Walutheri waliitana wao kwa wao. Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Mwaka uliofuata Kaisari Charles V aliwashinda watawala wa Kiinjili huko Mühlberg, na mwaka 1548 akatoa agizo la muda lililorudisha sehemu kubwa ya desturi za Roma. Huko Saxony, Philipp Melanchthon na wenzake wa Wittenberg walijaribu kuokoa fundisho la kuhesabiwa haki kwa kukubali mambo ya nje: mavazi ya ibada, sikukuu, mifungo. Haya, walisema, ni adiaphora, yaani mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza. Matthias Flacius, mwalimu wa Kiebrania, hakukubali. Mwaka 1549 aliondoka Wittenberg akaenda Magdeburg, mji uliokataa agizo la Kaisari na kuzingirwa kwa ajili hiyo. Kutoka humo vilitoka vijitabu vingi, na ndani yake wenzake wa jana wakaitwa Waadiafora.

Hoja ya Flacius ilikuwa na nguvu, nasi twaiona kuwa ya haki: wakati wa mateso, jambo lililo huru laacha kuwa huru likishurutishwa. Lakini jina lilikimbia mbele ya hoja. Mtu akishaitwa Mwadiafora, hakuna aliyeuliza tena amekubali lipi na kwa sababu gani.

Mwaka 1552 Georg Major aliandika kwamba matendo mema ni ya lazima kwa wokovu, wakazaliwa Wamajori. Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa zamani wa Luther, akamjibu hata akafika kusema kwamba matendo mema hudhuru wokovu. Viktorin Strigel wa Jena alifundisha kwamba mapenzi ya mwanadamu yana sehemu katika kuongoka. Akaitwa Msinegia, na mwaka 1559 mtawala wake akamtia gerezani. Katika mdahalo wa Weimar, mwaka 1560, Flacius alibanwa na Strigel hata akasema dhambi ya asili ndiyo asili yenyewe ya mwanadamu aliyeanguka. Tangu siku hiyo yule mtoa majina naye alipata lake, kwa maana Mflaciani likawa tusi. Alifukuzwa Jena mwaka 1561, akatangatanga mji kwa mji hadi kufa kwake Frankfurt mwaka 1575. Na huyu ndiye aliyeongoza kazi kubwa ya historia iliyoanzishwa Magdeburg, ambayo kila mwalimu wa somo letu ana deni kwake!

Melanchthon alifariki mwezi wa Aprili, 1560. Katika karatasi aliyoiandika siku zake za mwisho alitaja, miongoni mwa faida za kufa, kuokolewa na ghadhabu ya wanatheolojia. Wanafunzi wake waliitwa Wafilipo, kisha Wakalvini wa siri. Mwaka 1574 August wa Saxony aliwakamata. Caspar Peucer, tabibu na mkwe wa Melanchthon, alikaa kifungoni hadi mwaka 1586.

Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, kazi ya Jakob Andreae, Martin Chemnitz na wenzao, iliamua karibu kila moja ya mabishano haya. Ilikataa kauli ya Major na kauli ya Amsdorf pia, ikamkataa Strigel, ikamkataa Flacius katika dhambi ya asili, lakini katika adiaphora ikasimama karibu naye sana. Ajabu yake ni kwamba hakuna hata mmoja wa hao anayetajwa kwa jina kati ya waliohukumiwa. Kauli ndizo zinazohukumiwa. Sisi tuketio katika vikao vya usuluhishi vya sharika zetu twajua ugumu wa kuandika muhtasari wa namna hiyo, mlalamikaji na mlalamikiwa wakiwa mlangoni wakingoja kusikia nani ametajwa. Dibaji ya Kitabu cha Konkordia cha mwaka 1580 iliongeza kwamba hukumu hizo hazikukusudiwa kwa watu wanaokosea kwa unyofu, wala kwa makanisa mazima. Wachungaji na walimu zaidi ya 8,000 walitia sahihi.

Lakini jina Mkalvini halikuzikwa. Nikolaus Krell, aliyekuwa mshauri mkuu wa Christian I wa Saxony, alikamatwa baada ya bwana wake kufariki mwaka 1591. Alikaa kifungoni miaka kumi, kisha akakatwa kichwa huko Dresden mwezi wa Oktoba, 1601. Juu ya upanga uliotumika yalichongwa maneno ya Kilatini ya kumwonya Mkalvini ajihadhari.