Swali la Uzoefu Limetoka Wapi?



Hivi majuzi alinijia nyumbani kijana mmoja aliyesoma hapa kwetu, kisha akahitimu chuo. Baada ya shikamoo alinionyesha simu yake. Alikuwa akijaza maombi ya kazi ya kampuni moja kwa njia ya mtandao, na kila mahali amekwisha jaza isipokuwa pale palipoulizwa ujuzi na uzoefu. Hapo aliandika maneno mawili tu: “Sina uzoefu.” Nikamwambia asitume kwanza, maana swali lile lina historia yake.

Kaka zetu waliomaliza miaka ya 1960 hawakusumbuliwa nalo sana. Wasomi walikuwa wachache, na wahitimu wa Chuo Kikuu walipangiwa kazi na Serikali. Ndipo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kuamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu. Sharti kwanza afanye kazi, kisha asemewe na mwajiri wake pamoja na tawi la chama. Angalieni jambo hilo: uzoefu ulitakiwa kabla ya shahada, na mwombaji hakujisemea, bali alisemewa. Na tuseme kweli, aliyekosana na mkubwa wake kazini naye alisemwa alivyosemwa. Sharti hilo lilikuja kulegezwa, kisha likaachwa.

Rika langu, tuliomaliza chuo miaka ya 2000, tulipeleka barua katika bahasha za kaki. Ilikuwa barua moja tuliyoinakili bweni zima: “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa.” Katika usaili wangu wa kwanza mzee mmoja alivua miwani akaniuliza, “Lini ulifanya kazi bila kusimamiwa, na ulifanya nini?” Nikanyamaza. Kazi ile sikuipata, wala siwalaumu.

Baadaye nilipata kujua asili ya swali la namna ile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye John Flanagan alichunguza kazi ya marubani wa jeshi la anga. Yeye na wenzake hawakutosheka na maoni ya watu juu ya rubani hodari. Walitaka wasimuliwe tukio hasa lililotokea: mtu alitenda nini, na kitendo chake kilileta nini. Mwaka 1954 aliichapisha njia hiyo, na waajiri wengi leo hufuata mkondo huo huo. Hutaka kujua hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, na mwisho wake ukawa upi. Anayejibu kwa sifa tupu amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hapa nchini, Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, baada ya kurekebishwa mwaka 2007, ilileta Sekretarieti ya Ajira, na maombi ya kazi za Serikali sasa hupitia tovuti yake. Huko utajaza elimu, lugha, ujuzi wa kompyuta, uzoefu wa kazi na wadhamini. Matangazo yake huonya kwamba atakayeleta taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na onyo hilo si la mchezo. Mimi mwenyewe nimepata kukaa upande wa pili wa meza nikisoma maombi. Yale maneno ya bweni letu yangali yanakuja hadi leo, na macho huyaruka.

Basi nikamwuliza kijana wetu, “Ulipokuwa kidato cha tano, nani alishika ufunguo wa ghala la chakula?” Akacheka. “Ni mimi, kaka.”

Kumbe mahindi yalikuwa yakipungua na hakuna aliyejua yanakokwenda. Alianzisha daftari, akawa anahesabu magunia kila Jumamosi pamoja na mpishi mkuu, na wote wawili wanatia sahihi. Muhula ulipofungwa, hesabu ya daftari na ya ghala zilikuwa moja. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandika kwamba hana uzoefu!

Tukaandika sentensi tano, bila kuongeza chumvi. Nilimkataza kuiita ajira, kwa kuwa haikuwa ajira. Aliandika wazi kwamba lilikuwa jukumu la shule, akataja mwaka, na mwalimu wa ghala akamweka kuwa mdhamini. Akatuma saa tano usiku, saa moja kabla ya muda kwisha.

Hadi makala haya yanakwenda kwa mhariri hajaitwa kwenye usaili. Ila mwalimu wa ghala amenipigia simu, anauliza kama yule kijana anakumbuka namna alivyolipiga mistari lile daftari, maana waliomfuata waliacha kuandika na magunia yameanza kupungua tena.