Mshamba na Dereva wa Teksi

Katika Speedy, filamu bubu ya Marekani ya mwaka 1928, Harold Lloyd ni dereva wa teksi. Anampakia Babe Ruth, bingwa wa besiboli, na kumkimbiza New York hadi jitu zima linaishiwa pumzi kwa hofu. Anayechekwa ni mwenyeji wa mji.

Kwetu Tanganyika kicheko kiligeuzwa. Katika Muhogo Mchungu ya 1952, iliyotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini zama za mkoloni, Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wetu wa 1962, ni mshamba anayetapeliwa mjini. Sisi wa Laela, wapeleka magunia Sumbawanga, tunamfahamu. Mjinga? Sikubali. Aliamkiwa vizuri, naye akaitikia kama alivyolelewa.