Bikoni na nguzo ya rejea si kitu kimoja

Wiki hii tulitazame neno bikoni. Wengi wetu hulitumia kumaanisha jiwe la mpaka wa shamba. Wapimaji wa ardhi, lakini, wana alama za aina mbili ambazo sisi huzitia katika kapu moja. Ipo inayoonyesha shamba langu linaishia wapi. Ipo pia nguzo, aghalabu ya zege na juu ya kilima, ambayo mahali pake pamekwisha kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Ramani sahihi hujengwa juu ya hii ya pili. Mimi huiita nguzo ya rejea.

Historia yake ni ndefu. Mnamo 1879 mwanafalaki Mskoti David Gill, aliyesimamia kituo cha kutazamia nyota Cape, alipendekeza mlolongo wa pembetatu ufuate longitudo ya 30 Mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Wapimaji walipima mstari mmoja ardhini, kisha wakapanda vilima kupima pembe kwa theodolaiti. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, hisabati hukupa pande zilizosalia. Upande uliopatikana ukawa msingi wa pembetatu iliyofuata. Magharibi mwa Uganda palipimwa 1908 na 1909. Gill alifariki 1914; pengo la mwisho, huko Sudan, lilizibwa 1954.

Longitudo hiyo haipiti Kenya. Hata hivyo, Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutokana na kazi hiyo mfumo uitwao Arc 1960, ambao chimbuko la hesabu zake ni Buffelsfontein, Afrika Kusini. Simu yako nayo hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Hapa kwetu, namba zilezile zikisomwa katika mifumo hii miwili hukupeleka mahali pawili palipotengana kwa takriban mita 300. Basi ndugu wawili wanaogombania urithi, mmoja ana simu na mwingine ramani ya zamani, wanaweza wote kuwa wakweli na bado wakashikiana panga.

Ndiyo, upimaji ulitumika kuwagawia walowezi ardhi ya babu zetu, na wazee walikuwa na sababu ya kuzichukia nguzo hizo. Lakini leo wapo wanaozivunja kutafuta vyuma, wengine wakiamini ati kuna mali iliyozikwa chini yake. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inakataza. Nguzo ikitoweka, jiwe la mpaka likisogezwa usiku itakuwa vigumu kulirudisha lilipokuwa, na anayeumia kwanza ni mjane asiye na pesa za wakili.

Pendekezo langu: bikoni libaki neno la mpaka, na nguzo ya rejea liingie vitabuni na barazani kwa chifu. Mwananchi akizitofautisha hizi mbili, atajua kwamba ile iliyo kilimani inalinda mashamba ya kijiji kizima, likiwemo lake.