Chekechea Ilianza na Foleni

Kwenye kibao cha chekechea yetu ya zamani, kule Lugufu, uliandikwa mwaka ambao si wa kweli. Sisemi walioandika walidanganya. Waliandika mwaka mradi wao ulipoanza, na kwa mradi huo mwaka ni sahihi. Lakini watoto walikuwa wameshakaa pale chini ya mti miaka minne kabla ya kibao. Wengi waliokuwa wanalijua hilo wamesharudi Kongo, au wamepelekwa nchi za mbali, au wamekufa. Ndiyo maana nimeona niliandike mimi, kabla na mimi sijasahau.

Nilikuwa na miaka minane tulipovuka ziwa. Vita ilifika Uvira mwezi wa 10 mwaka 1996, ikashuka mpaka Fizi, na sisi wa ufukweni tukaingia kwenye mitumbwi na maboti kuelekea Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huohuo, Lugufu ikafuata 1997. Sisi tuliangukia Lugufu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa ndiyo kwanza anakimbia vizuri. Baba hakuvuka pamoja na sisi.

Mkaazi wa kambi hana haja ya kuelezwa siku ya posho, lakini najua gazeti hili linasomwa pia na wafanyakazi wa mashirika, na wengi wao wanaiona siku hiyo wakiwa upande wa mizani. Upande wa kadi, mama anatoka alfajiri na kadi, magunia na chupa ya mafuta. Anapanga foleni, anasubiri kijiji chake kiitwe, anapokea unga, maharagi, mafuta na chumvi, halafu anabeba yote kichwani mpaka nyumbani. Siku imekwisha. Hapo bado foleni ya bomba, ambayo ni ya kila siku, na foleni ya zahanati. Kuni hazina foleni, zina safari. Mama hawezi kufanya haya yote akiwa na mtoto mgongoni na gunia kichwani, kwa hiyo mtoto anaachwa na dada yake, na huyo dada naye ni mtoto.

Siku ninayoizungumzia niliachwa na mdogo wangu na sufuria ya maharagi juu ya mafiga. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kumtazama yeye. Yakapita malori, watoto wote wa barabara yetu wakakimbia kuyaangalia, na mimi nikakimbia. Sikukaa sana. Niliporudi sufuria ilikuwa imepinduka na maharagi yamemwagika juu ya mkono wake, kutoka kiwiko mpaka vidole. Mama alirudi jioni na unga kichwani, akakuta majirani wamejaa mlangoni na mtoto ameshapelekwa hospitali. Hakunipiga. Angenipiga ningepona mapema.

Mdogo wangu alipona, mkono ukabaki na kovu ambalo yeye mwenyewe sasa anaita "kadi yangu ya posho". Anacheka akisema hivyo. Mimi sijaweza kucheka bado.

Kwa jirani aliishi bibi mmoja wa Baraka, mtu mzima wa miaka kama sitini, peke yake. Miguu ilikuwa inavimba, hakuweza kusimama foleni. Wiki ile ya moto alikuja kwa mama na kusema: "Siku ya posho muniletee hawa watoto. Miguu yangu ni mibaya, lakini macho yangali yanaona." Mama akauliza tutakulipa nini. Bibi akasema mtanibebea posho yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa ada. Wamama wa barabara yetu walikwenda foleni na kadi ya bibi, wakaleta unga wake mpaka mlangoni, na bibi akakaa na watoto wao. Siku ya kwanza tulikuwa na watoto kumi hivi. Mwaka ulipokwisha walikuwa zaidi ya thelathini, na hawakuja siku ya posho tu. Walikuja kila siku.

Bibi hakujua kusoma. Sasa mtu asiyejua kusoma atajuaje watoto thelathini wote wapo? Alichukua kopo tupu la mafuta ya posho, na vifuniko vya soda ambavyo watoto wakubwa waliokota sokoni. Kila kifuniko alikitoboa kwa msumari namna yake: tundu moja, mawili, matatu kwa mstari, manne kama miguu ya kiti. Kila mtoto alikijua chake. Asubuhi unafika, unatumbukiza kifuniko kwenye kopo, kinalia *ting*, umehesabiwa. Mchana anayekuja kukuchukua anaonyesha uso wake kwanza, halafu bibi anakupa kifuniko chako, unaondoka. Kifuniko kilichobaki ndani ya kopo ni mtoto ambaye bado hajachukuliwa, na bibi hakuinuka kwenye mkeka mpaka kopo liwe tupu. Miaka mingi baadaye nilifundishwa darasani jinsi ya kujaza rejista ya mahudhurio. Ni kitu kizuri. Lakini rejista inakuambia nani alifika, haikuambii nani bado amekaa pale saa kumi jioni.

Ukiniuliza bibi alifundisha nini, nitasema alianza na choo. Watoto walikuwa wanaogopa vyoo vya kambi, tundu kubwa na giza, wengine walijizuia mpaka wakaumwa tumbo. Bibi akawaomba wababa wachimbe kingine, tundu dogo, bila paa, ukuta unaomfika mtoto kifuani ili aone nje. Pembeni akatundika kibuyu chirizi, mguu unakanyaga kijiti, maji yanatoka. Baada ya choo, uji. Kila mzazi alileta kikombe cha ule unga wenye soya, uliopikwa kwenye sufuria moja, mbali na watoto, nyuma ya ua wa miti. Ule ua ulijengwa kabla ya kitu kingine chochote, na mimi najua ulijengwa kwa sababu ya nani. Ndipo zikafuata nyimbo, za Kibembe, za Kifuliru, za Kiswahili, na udongo wa kufinyangia, na kuhesabu kokoto. Mchana walilala. Mtoto aliyeshtuka usingizini, na walikuwa wengi waliotoka kwenye vita, hakuulizwa kitu. Bibi alimweka mkono mgongoni akaendelea kuongea na wengine.

Na mimi je? Hapa ndipo watu wanapoisoma vibaya hii historia. Chekechea ile haikuwa ya wadogo tu. Siku mdogo wangu alipopewa kifuniko chake, mgongo wangu ulifunguliwa, nikaenda masomo. Darasa letu la kwanza lilijaa wasichana wakubwa wa miaka tisa na kumi, kwa sababu wote tulikuwa tumebeba watoto. Ripoti zinahesabu watoto wa chekechea waliokaa kwenye mkeka. Sijawahi kuona inayohesabu dada zao.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa chekechea mwenyewe, katika mafunzo tulisoma kidogo jinsi shule hizi zilivyoanza kwingine. Ya Kenya ilinikamata. Mwaka 1954, wakati wa vita ya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa watu kwenye mashamba yao na kuwaweka kwenye vijiji vyenye uzio, mahandaki na walinzi. Zaidi ya watu milioni 1 waliwekwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Wanawake walilazimishwa kuchimba mahandaki na barabara, na muda wa kwenda shamba ulipimwa kwa saa. Watoto wadogo waliachwa kwa vikongwe. Vituo vya kulea watoto vilivyotokea kwenye vijiji vile vinahesabiwa kati ya mianzo ya chekechea za Kenya, na baada ya uhuru wa 1963 wazazi waliendelea kujijengea maelfu kwa harambee. Sisemi kambi yetu ni sawa na vijiji vile. Sisi tulikimbilia hapa, wale walisukumwa kwa bunduki. Lakini yule kikongwe aliyekaa na watoto wakati mama yao yuko handakini, mimi namjua. Naijua mpaka miguu yake.

Ya pili ni ya Italia. Mwaka 1945, vita ilipokwisha tu, watu wa Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia, waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Fedha ya kuanzia waliipata kwa kuuza kifaru, malori machache na farasi walioachwa na jeshi la Kijerumani. Matofali walitoa kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu, mchanga walichota mtoni. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hiyo, akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli, akabaki kufanya kazi nao. Leo wataalamu wanatoka nchi nyingi kwenda kujifunza kwenye shule za Reggio Emilia. Halmashauri ya mji ilifungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo 1963. Kwa miaka 18 ilikuwa kazi ya wazazi, na ninavyosikia, kule hakuna anayesema shule zilianza siku halmashauri ilipofika.

Kwetu Lugufu mradi ulifika, na ulitusaidia, lazima niseme. Tulipata banda la mabati, mikeka, chaki, mafunzo, na walimu wakaanza kulipwa insentivi. Afisa mmoja alikuja na fomu akamuuliza bibi rejista iko wapi. Bibi akamletea kopo. Afisa akacheka, lakini alikuwa mtu mwema, alikaa mpaka mchana akaona vifuniko vinavyotoka kimoja kimoja, na alipoondoka alikuwa hacheki tena. Hata hivyo kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika kopo. Pale penye "mwaka wa kuanzishwa" akaandika mwaka ule, na kibao kikafuata fomu.

Ubaya wake tuliuona baadaye. Mradi ulipokwisha, watu walisema "chekechea imefungwa", na wazazi wengine wakaacha kuleta watoto, wakati ndani ya banda bado kulikuwa na watoto arobaini wanakunywa uji. Mtu akishaambiwa kitu kilianza na fedha, anaamini kitakwisha na fedha. Bibi alishangaa sana. Alituuliza sisi walimu: "Foleni imeisha?" Tukasema haijaisha. "Basi muniletee watoto."

Lugufu ilifungwa 2009, waliobaki tukahamishiwa Nyarugusu. Bibi alipanda gari na godoro, sufuria na lile kopo. Kijiji tulichopewa kilikuwa na mwembe, na hiyo ilitosha kuanzia.

Mwaka 2015 walikuja Warundi. Maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, pale ziwani, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma safari baada ya safari, kisha mabasi mpaka kwetu. Kambi ikapita watu 150,000. Walilala kwenye makanisa na kwenye madarasa. Kwenye foleni ya bomba maneno yakaanza, kwamba wamekuja kumaliza maji yetu, na kwa kweli maji yalikuwa kidogo. Bibi alikuwa na miaka karibu themanini. Alituma tutafute vifuniko vingine.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa Kirundi, wa miaka minne hivi, ambaye hakukubali kutumbukiza kifuniko chake. Alikishika ngumi siku nzima, analala nacho, anakunywa uji kwa mkono mmoja. Biskuti akipewa, anaficha ndani ya nguo. Mimi, mwalimu mwenye cheti, nilitaka kumzoesha utaratibu. Bibi akasema mwache, huyo anajihesabu mwenyewe. Ilichukua wiki nyingi. Asubuhi moja tukasikia *ting*, na watoto wote wakageuka kumwangalia.

Bibi alizikwa hapa Nyarugusu. Tumebaki walimu watatu, insentivi mara ipo, mara haipo, posho imepunguzwa, na kikombe cha unga cha mzazi kimekuwa nusu kikombe. Uji ni mwepesi, watoto wameona, hawaulizi.

Kuna kitu bibi hakukipangia utaratibu. Kuanzia 2017 magari ya kuwarudisha Warundi kwao yamekuwa yakiondoka, na yanaondoka asubuhi sana. Vifuniko vyenyewe vinalala kwetu, vimetundikwa kwenye misumari mlangoni, kwa sababu nyumbani vinapotea. Mtoto anakuja jana, anaimba, anakunywa uji, leo hayupo, na hakupita kuaga wala kuchukua chake. Hatujui kama alitaka. Vifuniko hivyo hatuwapi watoto wengine. Tumeviweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la zamani, ambalo limeshatoboka chini na halifai kwa kazi nyingine. Juzi nimevihesabu, viko 23.