Kijiti cha Oili: Utunzaji wa Injini katika Ukanda wa Almasi na Dhahabu, Shinyanga na Geita

Historia ya mashine katika Usukuma na ukanda wa dhahabu wa Geita huelezwa kwa kawaida kwa kutaja reli, migodi na viwanda vya kuchambulia pamba, ilhali desturi iliyoziwezesha mashine hizo kudumu, yaani kupima oili ya injini na kuiongeza kabla haijapungua mno, haijapewa nafasi inayostahili. Jambo kubwa katika desturi hiyo ni kuhama kwa wajibu, kwani kazi iliyokuwa ya fundi mwajiriwa, mwenye zamu na msimamizi, imegeuka katika muda mfupi kuwa kazi ya kila kijana aendeshaye pikipiki.

Uzito wa mabadiliko hayo hauonekani bila kueleza injini yenyewe. Injini ya mipigo minne, iliyofanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, huitwa hivyo kwa sababu pistoni hufanya safari nne ili kukamilisha kazi moja: kuvuta hewa na mafuta, kuyagandamiza, kusukumwa na mlipuko, na kutoa moshi. Oili yake hukaa chini ya injini katika kisima kiitwacho sampu, hupanda kulainisha vyuma, kisha hurudi. Katika injini ya mipigo miwili, kinyume chake, oili huingia pamoja na petroli na kuungua nayo, kwa hiyo mwendeshaji mara nyingi hulazimika kuifikiria anapojaza tangi. Injini ya mipigo minne haina ukumbusho wa namna hiyo. Hufanya kazi vizuri hadi oili inapokaribia kwisha, ndipo vyuma husagana kwa joto na injini hukwama, hali ambayo mafundi wa Tanzania huiita kunoki.

Reli kutoka Tabora ilipopita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, ilirahisisha kusafirisha mashine nzito kuelekea bara. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga, na mgodi uliojengwa hapo ukawa mji kamili wenye karakana na umeme wake, wakati ambapo mgodi wa Geita nao ulikuwa ukichimba dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika sehemu za aina hiyo oili ilikuwa mali ya stoo na upimaji wake ulikuwa sehemu ya zamu. Kwa wanakijiji, mwalimu wa karibu zaidi alikuwa mashine ya kusaga. Injini za dizeli za Lister, zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, na baadaye kuigwa Rajkot, India, zilizunguka polepole, takriban mizunguko 650 kwa dakika, na zilijilainisha kwa njia rahisi kabisa: kijiko kidogo kilichofungwa chini ya konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, kilichota oili kwenye sampu na kuirusha juu. Kiwango kikishuka chini ya ncha ya kijiko hicho, injini ilibaki kavu.

Pikipiki zilibaki chache kwa muda mrefu, mikononi mwa mabwana shamba, mapadri na watumishi wa serikali, na nyingi zilikuwa za mipigo miwili. Usafiri wa abiria mjini Shinyanga ulibebwa na baiskeli zilizoitwa daladala, ambazo mahitaji yake ya oili yaliishia kwenye mnyororo. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea baada ya mwaka 2000, na kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotolewa mwaka 2010, wajibu wa kutunza sampu uliwafikia watu ambao hawakuwahi kuwa na sampu ya kutunza.

Jambo la kuzingatia, nalo ni la bahati kwa watu hao, ni kwamba pikipiki nyingi za Kichina zilifuata muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako walikuwa wameona kuwa matengenezo hucheleweshwa na oili hukaa mno bila kubadilishwa, na kwa hiyo waliipa muundo mvumilivu. Hata hivyo uvumilivu wake una mipaka, kwa kuwa oili yake yote ni takriban lita 1 tu, na kupungua kwa robo lita ni pengo kubwa.

Upimaji sahihi una masharti ambayo haraka ya kijiweni, mahali bodaboda wanaposubiri abiria, huyavunja. Pikipiki husimamishwa wima kwa stendi kubwa mahali tambarare, injini huwashwa kwa dakika chache, huzimwa, kisha husubiriwa dakika mbili au tatu ili oili iteremke. Kijiti cha kupimia oili hufutwa kwa kitambaa, hurudishwa bila kukazwa kwa kuzungusha, hutolewa tena, na alama ya oili inapaswa kusimama kati ya mistari yake miwili. Anayepima pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni hupata kipimo cha uongo, na anayejaza kupita mstari wa juu hudhuru pia, maana oili nyingi mno hufanya povu na kusukuma sili, yaani mipira inayozuia kuvuja. Vumbi la kiangazi la Shinyanga huongeza tatizo: likipenya chujio la hewa hula ringi za pistoni, na ringi zilizolika huruhusu oili kupanda na kuungua, ndiyo maana mafundi husema injini inakula oili.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo la oili nazo zina maana yake. Katika 20W-50, inayotumiwa sana na bodaboda, namba ya kwanza huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi na ya pili uzito wake ikiwa imepata moto. Pikipiki za thelujini za mipigo minne huko Kanada huhitaji oili kama 0W-40, inayotiririka hata kwenye baridi kali; mwendeshaji wa Kahama hana haja na wepesi huo, bali na uzito wa mchana wa jua.

Geita desturi hii imechukua sura nyingine kwenye karasha, mtambo ambamo injini ya dizeli, aghalabu ya silinda moja, huzungusha pipa lenye gololi za chuma ili kusaga mawe ya wachimbaji wadogo. Mazoea ya bodaboda ya kuhukumu oili kwa rangi hupotosha hapa, kwa sababu oili ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa masizi hata ikiwa bado nzima. Kinachohesabika ni kiwango na saa za kazi. Rangi inayopaswa kumshtua mwendeshaji ni ile ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia katika sampu. Oili chakavu iliyomwagwa kutoka kwenye injini huuzwa ili ipakwe kwenye nguzo na mbao ili kuzuia mchwa, na isiyopata mnunuzi mara nyingi huishia ardhini, karibu na mialo ambako mchanga wa dhahabu huoshwa, ingawa Tanzania imekuwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu mwaka 2004.