Seva ya barua pepe nyumbani: Kupokea rahisi, kutuma ndiyo shughuli

Unaweza kuendesha seva yako ya barua pepe kwenye kompyuta ndogo kando ya rauta. Programu kama Postfix na Dovecot ni za bure. Tatizo ni anwani ya IP: wateja wengi wa nyumbani hupewa inayobadilika, leo hii, kesho nyingine.

Anza na kipimo hiki
Angalia IP iliyoandikwa kwenye rauta, kisha linganisha na ile inayoonekana kwenye tovuti za kupima IP. Zikitofautiana, mara nyingi maana yake mnatumia IP moja wateja wengi. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye intaneti ya simu, na barua haziwezi kukufikia moja kwa moja. Utahitaji kukodi seva ndogo yenye IP ya kudumu na kuiunganisha na nyumbani kwa VPN.

Kupokea
Rekodi ya MX hutaja jina la seva yako, na jina hilo huelekeza kwenye IP. IP ikibadilika, jina lielekezwe upya. Kuna huduma za DNS zinazofanya hivyo zenyewe, mradi rauta itoe taarifa. Weka TTL fupi, mfano sekunde 300.

Umeme ukikatika je? Usiogope. Seva inayotuma itajaribu tena, na kanuni za SMTP zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5.

Hatari iko kwingine. IP yako ya zamani akipewa mtu mwenye seva yake, seva hiyo inaweza kuikataa barua yako palepale. Hapo hairudiwi tena.

Kutuma
Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu tatu:

1. Kampuni nyingi za intaneti hufunga poti 25 ili kuzuia barua taka.
2. Spamhaus ina orodha iitwayo PBL, yenye IP zisizotakiwa kutuma barua moja kwa moja. Za nyumbani zimejaa humo.
3. Tangu Februari 2024, Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, pamoja na rekodi ya PTR inayotoa jina la IP. PTR iko mikononi mwa kampuni ya intaneti, siyo kwako.

Suluhisho
Usitume moja kwa moja. Pitishia barua kwenye seva ya kati yenye IP ya kudumu, kwa poti 587, ukitumia jina na nywila. Itaje seva hiyo kwenye SPF, na barua zako ziwe na sahihi ya DKIM.

Mwisho, usikimbilie kuhamisha akaunti za benki. Jaribu kwanza kwa wiki kadhaa na barua zisizo na uzito. Ujumbe wa kubadili nywila ukipotea, unaweza kufungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe.